Chumba cha mabati Malindi: AC ya bei nafuu huanzia kwenye dari

Mwenzetu wa Muyeye, Malindi, ameuliza hivi: chumba futi 10 kwa 12, juu mabati matupu bila dari, dirisha moja linaloangalia magharibi, wanalala wawili na mtoto. Dukani wamemwambia achukue AC ya magurudumu kwa kuwa haihitaji fundi. Jirani naye amemwambia asipochukua BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) atakuwa ametupa pesa. Dada wa Mkomani, Lamu, akaongeza lake: nyumba ya mawe ya zamani inaweza kufungwa AC bila kuharibu ukuta? Nawajibu wote wawili hapa, wa Malindi kwanza.

Kwa asiye na muda wa kusoma: ya magurudumu usinunue, na 18,000 usinunue. Piga dari, ziba matundu, kisha nunua AC ya kufungwa ukutani ya inverter, BTU 9,000, gesi R32, mabomba ya shaba, mapezi ya mtambo wa nje (vile vibati vyembamba vya nyuma) yawe yamepakwa kinga. Pesa itakayobaki mpe fundi mwenye pampu ya vakyumu, ile ya kunyonya hewa yote ndani ya mabomba. Sababu zake ndizo hizi.

Jirani hakukudanganya kuhusu 18,000. Chumba chako kilivyo sasa kinaihitaji kweli. Hesabu ninayotumia huku pwani ni BTU 60 kwa kila futi ya mraba, kwa chumba chenye dari ya futi 9 hivi. Futi 10 mara 12 ni 120, mara 60 ni 7,200. Hiyo tayari ina watu wawili ndani. Mtu wa tatu ongeza 400, dirisha la jua la alasiri ongeza 800 kama lina pazia zito, zaidi kama halina. Unapata 8,400, yaani 9,000 inatosha. Lakini hesabu hiyo inachukulia kuna dari. Mabati yaliyopigwa na jua la saa saba mchana huwa moto kiasi kwamba huwezi kuweka kiganja, na joto lile hulimulika kitanda moja kwa moja. Kwa chumba cha ukubwa wako, paa tupu linaweza kuingiza wati 1,500 hadi 2,000 adhuhuri. Kila wati ni BTU 3.4 kwa saa, kwa hiyo unaongeza BTU 5,000 mpaka karibu 7,000 juu ya zile 8,400. Hapo ndipo 12,000 inashindwa na muuzaji anakupandisha kwenye 18,000.

Sasa linganisha. Chumba chako kinataka mbao nne za dari za futi 8 kwa 4 (moja ni futi za mraba 32, nne ni 128), mbao za kufungia, misumari, na siku moja au mbili za seremala. Ulizia bei hiyo Malindi mjini, kisha uliza tofauti ya 9,000 na 18,000 ya aina moja. Utaona dari inalipwa na tofauti hiyo, au karibu yote. Na dari hailipishi tokeni kila mwezi.

Dari yenyewe ipigwe kwa akili. Chini ya mabati weka karatasi ya foili inayong'aa, na iwe na nafasi ya hewa ya inchi moja au zaidi. Ikigusana na kitu pande zote mbili haifanyi kazi, maana inarudisha mionzi, na mionzi inahitaji uwazi. Kule juu ya dari, kwenye pembe za paa, acha matundu wazi ili hewa moto itoke. Weka wavu wa chuma, la sivyo popo watahamia, na mkojo wa popo kwenye jipsamu hautoki hata upake rangi mara tano. Chini ya dari ni kinyume: viungo vyote vizibwe, pamoja na pembeni mwa ukuta. Ukiweza, paka mabati rangi nyeupe kwa nje. Mabati yaliyoshika kutu yanameza jua. Meupe yanalirudisha sehemu kubwa.

Halafu matundu. Nyumba zetu nyingi zina matundu ya hewa ya kudumu juu ya madirisha, na madirisha yenyewe mengi ni ya luva ambazo hazifungi sawasawa. Mlango una uwazi chini. Uwazi wa sentimita 2 chini ya mlango wa sentimita 80 ni sawa na tundu la ukubwa wa kiganja kizima cha mkono, na hewa inayopita pale si joto tu, ina maji. Matundu ya juu yafunge kwa kibao kutoka ndani, kwa skrubu, ili wakati wa kusi ukivuma vizuri uyafungue ulale bila AC. Luva zibadilishe au zifunike kwa kioo kimoja au karatasi ngumu ya plastiki. Chini ya mlango weka ukanda wa mpira unaogusa sakafu. Ila ukishaziba chumba hivyo, jiko la makaa halikanyagi humo ndani tena, hata likiwa linazimika, na jenereta isikae karibu na dirisha. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha.

Paa la makuti bila dari ni habari nyingine: makuti yenyewe yanazuia jua vizuri kuliko mabati, lakini yanavuja hewa kila mahali. AC humo inapoza mbu. Ama piga dari, ama baki na pangaboi.

Kuhusu ile ya magurudumu. Ina bomba moja nene linalotoa hewa moto dirishani. Hewa hiyo inatoka wapi? Inatoka chumbani mwako. Mashine ya kawaida ya aina hii hutoa zaidi ya mita za ujazo 300 kwa saa. Chumba chako kina kama mita za ujazo 30. Maana yake ni kwamba hewa yote ya chumba hutupwa nje mara kumi kwa saa, na nafasi yake inajazwa na hewa ya nje, yenye joto na unyevu, ikipenya chini ya mlango na kwenye matundu. Unapoza Malindi nzima kidogo kidogo. Ndiyo maana Marekani siku hizi boksi huandikwa namba mbili, ya zamani na ya kweli, na iliyoandikwa 12,000 mara nyingi ya kweli ni 7,000 au 8,000. Ongeza kelele ya kompresa kuwa ndani ya chumba na mtoto, na tangi la maji linalojaa usiku na kuizima saa tisa. Kwa chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba amekataa kutobolewa ukuta, sawa, lakini tafuta yenye mabomba mawili, moja la kuvuta na moja la kutoa. Zile za dirishani za kipande kimoja zinafanya kazi, ila madirisha yetu yana nondo, na bati la ganda lake huliwa na chumvi mapema.

Na vile viboksi vya kutia maji na barafu vinavyouzwa kama AC ndogo? Hivyo ni feni yenye kitambaa cha maji. Kupooza kwake kunategemea hewa kavu. Hewa ikiwa nyuzi 32 na unyevu asilimia 70, maji hayo hata yakifanya kazi kikamilifu hayawezi kuishusha chini ya nyuzi 27, na chumba kikifungwa unyevu unapanda mpaka kuta zinatoa jasho. Vinafaa bara kwenye ukame. Hapa pwani usinunue hata kwa bei ya feni. Kanuni fupi dukani: kama haina bomba la kutoa joto nje, si AC.

Unyevu ndio hasa kiini cha AC ya pwani, na ndio sababu ya kutonunua kubwa kupita kiasi. Mashine inafanya kazi mbili, kushusha joto na kukamua maji kwenye hewa. Maji yanakamuliwa pale tu kompresa inapofanya kazi muda mrefu na mapezi ya ndani yakabaki baridi. Ukifunga 18,000 kwenye chumba cha 9,000, dakika kumi imefikia nyuzi ulizoweka, inakata, maji yaliyokuwa kwenye mapezi yanarudi hewani. Unalala kwenye baridi yenye ubichi, shuka zinanata, mabegi ya ngozi kabatini yanaota ukungu. Watu hudhani haina nguvu, wanashusha mpaka 18, na bili inapanda bure.

Geji ya bure ya kukuonyesha kama inakamua ni ndoo. Bomba la maji ya AC liingize kwenye ndoo usiku mmoja wa mwezi wa pili au wa tatu. Mashine ya 9,000 inayofanya kazi vizuri hapa Malindi hutoa maji mengi saa za mwanzo, karibu lita moja kwa saa, kisha yanapungua; asubuhi uwe na lita nne hadi sita. Ukikuta vikombe viwili tu na chumba kilikuwa kimefungwa, ama mashine ni kubwa mno na inakata kata, ama gesi imepungua, ama chujio limeziba. Maji hayo hayana chumvi. Si ya kunywa, lakini yatunze, nitayarudia.

Inverter au ya kawaida? Ya kawaida inawaka kwa nguvu zote au inazima. Inverter inapunguza mwendo. Kwa 9,000 kwenye chumba kilichozibwa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi: inverter inakula kama wati 800 nusu saa ya kwanza, kisha inashuka kwenye 300 na kitu. Jumla yuniti 2.8 hivi kwa usiku. Ya kawaida inakula 850 na kuwaka kama asilimia 60 ya muda, jumla yuniti 4 na kidogo. Tofauti ni yuniti 1.3 kwa usiku, karibu 39 kwa mwezi. Bei ya yuniti yako usiiulize kwa mtu. Chukua ujumbe wa tokeni wa mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, kwa sababu AC ikishaingia matumizi yako yanaweza kukupandisha daraja la bei. Tukichukulia Sh30, ni Sh1,170 kwa mwezi. Ikiwa inverter imezidi kwa Sh12,000, imejilipa kwa miezi kumi ya joto, yaani kaskazi mbili hivi. Kwa anayewasha kwa muda wa saa mbili tu jioni, haijilipi haraka, achukue ya kawaida. Inverter pia haivuti umeme mwingi ghafla inapoanza, jambo la maana kwa mwenye sola au laini dhaifu.

Ila inverter ina bodi ya umeme kwenye mtambo wa nje, na bodi hiyo ina adui wawili huku kwetu: chumvi na mjusi kafiri. Mjusi hufuata joto na wadudu, anaingia pale nyaya zinapopita, anagusa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na bodi inakwenda naye. Bei ya bodi inaweza kukaribia nusu ya mashine. Kinga yake ni sponji au silikoni kwenye tundu la nyaya, kazi ya dakika tano siku ya kufunga.

Dukani usisome boksi, soma kibandiko cha chuma ubavuni. BTU 9,000 lazima iandikwe kilowati 2.6 za kupoza, 12,000 iandikwe 3.5. Gawanya wati za kupoza kwa wati za umeme: ikiwa 3.2 au zaidi ni sawa, ikiwa 2.7 mwachie mwenye duka. Kenya kuna kibandiko cha nyota cha EPRA (mamlaka ya nishati na petroli), moja hadi tano. Kikiwepo kitumie, kwani nyota zaidi ni umeme kidogo. Gesi itake R32. R410A si mbaya, lakini ni mchanganyiko, kuijaza kunataka iingie ikiwa majimaji na kwa mizani, na fundi wengi wanakisia. R22 ni ya zamani, inaondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni. AC ya mtumba ya hoteli yenye R22 usiichukue hata kwa dezo. Mtumba wowote, kwaruza mapezi ya nyuma ya mtambo wa nje kwa ukucha: yakimomonyoka kama biskuti au yakiacha unga mweupe kidoleni, ondoka.

Mabomba yanayokuja na boksi nayo yaangalie. Siku hizi kuna ya alumini yaliyopakwa rangi ya shaba. Angalia ncha iliyokatwa: shaba ni nyekundu unene wote, ile nyingine ndani ni nyeupe kama sufuria. Alumini kwenye kiungo cha shaba, na chumvi ya baharini juu yake, hutoboka kiungoni. Unene wa ukuta wa bomba uwe milimita 0.8. Saizi za 9,000 ni robo inchi na tatu kwa nane. Mapezi ya nje yenye rangi ya buluu au dhahabu yamepakwa kinga. Haizuii kutu milele, lakini meupe matupu karibu na bahari huisha mapema zaidi.

Mtambo wa nje ukae wapi? Malindi bahari iko mashariki, na kaskazi na kusi zote mbili zinatuletea upepo kutoka baharini. Kwa hiyo ukuta wa magharibi, nyuma ya nyumba. Utasema magharibi kuna jua la alasiri. Kweli, na jua linaiongezea kazi, lakini kivuli unaweza kukitengeneza kwa kipande cha makuti nusu mita juu yake, chumvi huwezi kuitengenezea kivuli. Nyuma acha sentimita 15, mbele iwe wazi mita moja. Usiifungie kwenye kijichumba wala kwenye kona inayoirudishia hewa yake moto. Braketi ziwe zimechovywa zinki, si za chuma kilichopakwa rangi, na bolti za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 ukilipata. Braketi za bei ya chini huachia, na kilo 25 zikianguka kutoka ghorofa ya kwanza hazichagui mtu.

Kila mwezi mmoja au miwili mwagia mapezi ya nje maji yasiyo na chumvi, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka, kwa mpira wa kawaida. Mashine ya kuoshea gari inayalaza. Na hapa ndipo wengi huharibu: wanaosha kwa maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, kwa hiyo unaongeza kile unachotoa. Tumia maji ya bomba ya Baricho, ya mvua, au yale ya kwenye ndoo ya AC yenyewe.

Kufunga. Nyingi kati ya AC "mbovu" zilifungwa vibaya. Muulize fundi swali moja kabla ya bei: una pampu ya vakyumu? Akisema atasukuma hewa nje kwa gesi yenyewe, mtafute mwingine. Hewa yetu kwa nyuzi 30 ina zaidi ya gramu 20 za maji katika kila mita ya ujazo. Maji hayo yakibaki ndani ya bomba yanachanganyika na mafuta ya kompresa, yanageuka asidi, na kompresa inakufa mapema. Kwa bomba la mita 3 hadi 5, pampu ifanye kazi dakika 20 hadi 30, geji ya mikroni (inayopima hewa iliyobaki ndani) ishuke chini ya 500, kisha azime asubiri dakika 10. Namba ikipanda polepole na kusimama, kuna maji. Ikipanda bila kusimama, kuna tundu. Mdomo wa bomba upanuliwe kwa kifaa cha kuzungusha, utiwe tone la mafuta, na nati ikazwe kwa spana ya kipimo: robo inchi nyutoni-mita 14 hadi 18, tatu kwa nane 34 hadi 42. Kukaza kwa hasira kunapasua mdomo, na ufa hauonekani mpaka gesi imekwisha.

Bomba zote mbili zivishwe sponji, kila moja peke yake. Zikivishwa pamoja zinapeana joto, na ile inayotoa jasho itadondosha maji ukutani. Tundu la ukuta liinamie nje. Bomba la maji lishuke sentimita moja kwa kila mita bila kupanda popote; likipinda juu hata kidogo, maji yatarudi na kutokea kitandani. Bomba la shaba lisiwe fupi kuliko mita 3 hata kama mtambo uko nyuma ya ukuta huo huo, na likizidi mita 5 kuna gesi ya kuongeza, gramu 12 hadi 20 kwa mita kulingana na kitabu chake.

Stima. 9,000 inakula ampea 4 hivi, si nyingi, lakini inakula saa nane mfululizo. Ipewe laini yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16, swichi yake karibu, na waya wa ardhi uliopimwa. Kwenye mchanga mkavu nondo fupi ya ardhi haisaidii kitu. Vyumba vya kupanga vinavyogawana mita moja na waya wa 1.5 uliokusudiwa taa, huko AC huchoma viungo vya waya darini, na hutaviona. Soketi ya kurefushia, hapana. Kinga ya voteji iwe ya AC, yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 stima ikirudi. Ile ndogo ya friji haitoshi.

Matumizi ya usiku: weka 26, pangaboi polepole. Upepo juu ya ngozi unakupa nafuu ya nyuzi mbili au tatu kwa wati 60. Chujio la ndani lioshe kila wiki mbili. Siku ya kufungwa, baada ya dakika 20, weka kipimajoto cha kawaida hewa inapoingia juu na inapotoka chini, mashine ikiwa kwenye nguvu zote. Tofauti iwe nyuzi 8 hadi 12. Andika namba hiyo kwenye karatasi ubandike ubavuni. Mwaka ujao fundi akikuambia gesi imeisha, pima kwanza. Gesi haiishi kama mafuta ya pikipiki. Ikipungua imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kumlipa mtu kila kaskazi. Barafu kwenye bomba jembamba ni dalili ya gesi kidogo, au ya chujio chafu, na chujio unaliosha mwenyewe bila kumlipa mtu.

Sasa dada wa Lamu. Nyumba yako ya mawe ya matumbawe yenye kuta za sentimita 40 hadi 50 haina shida ya mchana kama mabati. Shida yake ni unyevu na hewa iliyosimama, na dari kwenda juu. Kama dari ni futi 12, zidisha hesabu yangu ya 60 kwa 1.3. Chumba cha kizamani ni chembamba na kirefu, kwa kuwa upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo kichwa cha ndani kikae ukuta mfupi, kipulize kwa urefu. Kikikaa ukuta mrefu kinapuliza ukuta wa pili, kinajisikia baridi, kinakata.

Kabla ya kutoboa, pata ruhusa. Mji wa kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na Makumbusho ya Taifa wana haki ya kukuzuia usitundike mtambo kwenye uso wa nyumba. Hata ukiacha suala la ruhusa, kichochoro ambacho punda wawili hawapishani si mahali pa kumpulizia jirani hewa moto. Peleka mtambo juu ya paa bapa, kwenye miguu ya mpira, na bomba lipite uani. Bolti za kupanuka hazishiki kwenye matumbawe na chokaa, zinageuza jiwe kuwa unga. Tumia bolti ndefu ya kupita ukuta mzima yenye sahani ya chuma upande wa pili. Toboa kwa keekee ndefu ya almasi bila kupiga nyundo, mbali na vidaka. Pembeni mwa bomba ziba kwa chokaa, si saruji, maana saruji inafungia maji ndani ya ukuta na plasta inavimba.

Na mzigo wenyewe. Mtambo wa nje usafiri umesimama, kutoka Mokowe kwenye mashua mpaka mlangoni. Kwenye punda hulazwa ubavuni, na mafuta ya kompresa hukimbilia kwenye mabomba. Mkokoteni ni bora, au watu wawili. Ukifika umelazwa, usimamishe na usiwashe mpaka saa 24 zipite.